Boti-Nyumba ya Müritz: Maji Mengi, Hifadhi kwa Mbali

Kampuni iliyotukodisha boti, ambayo sitaitaja jina, huuza wiki ya mapumziko katika nchi ya maziwa ya Mecklenburg, kaskazini mashariki mwa Ujerumani, kwa ahadi mbili: kwamba mteja asiye na leseni ya unahodha ataendesha boti mwenyewe, na kwamba atakuwa ndani ya hifadhi ya taifa tangu anapoamka hadi anapolala. Ahadi ya kwanza ilitimia. Ya pili haikutimia, wala isingeweza kutimia, kwa sababu inapingana na jinsi mahali penyewe palivyoumbwa na jinsi panavyolindwa. Ndiyo maana tathmini hii itazungumzia ardhi na maji kwa kirefu kuliko itakavyozungumzia magodoro.

Tulikuwa watu wanne: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 11, na shemeji yangu aliyekuja kututembelea Berlin akitokea Mwanza. Shemeji ameendesha boti za injini katika Ziwa Viktoria tangu ujana wake, na aliposikia kwamba ni lazima akae darasani saa 3 kabla ya kushika usukani wa chombo ambacho hakiruhusiwi kuzidi mwendo wa kilomita 12 kwa saa, alidhani namtania. Binti naye, ambaye Kiswahili chake ni cha Berlin, aliponisikia nikisema "nchi ya maziwa" aliuliza kama huko kuna ng'ombe wengi. Wapo, kwa kweli, lakini sio walioipa nchi hiyo jina.

Wajerumani huiita Seenplatte, na vitabu vingi hulitafsiri neno hilo kuwa uwanda wa juu wenye maziwa. Msomaji aliyezaliwa Iringa au Nakuru asitegemee kupanda mlima. Uso wa Müritz, ziwa kubwa kuliko yote katika uwanda huo, uko mita 62 tu juu ya usawa wa bahari, na kilele kirefu kuliko vyote katika jimbo zima la Mecklenburg-Vorpommern kina mita 179, wakati mvuvi wa Mwanza anayetandaza nyavu zake ufukweni tayari yuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari bila kupanda kitu chochote. Huo ni uwanda wa juu kwa kulinganishwa na pwani ya Baltiki iliyo karibu nao, basi. Ukubwa wa Müritz ni kilomita za mraba 117, na hakuna ziwa kubwa zaidi ambalo lote limo ndani ya Ujerumani. Mimi niliyezaliwa Ukerewe, kisiwa ambacho peke yake kina takriban kilomita za mraba 530, niliipokea taarifa hiyo kwa adabu. Jina lenyewe limetokana na lugha ya Waslavi walioishi huko kabla ya Wajerumani, nalo lina maana ya bahari ndogo, na shemeji alilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili hakulicheka tena, kama nitakavyoeleza.

Kinachofanya mahali hapa pastahili safari ni wingi wa maziwa yenyewe, kwani yanazidi 1,000, na tofauti kati ya ziwa moja na jirani yake. Chanzo chake ni barafuto. Katika kipindi cha mwisho cha baridi kuu, kilichokwisha zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, barafu nene ilishuka kutoka Skandinavia ikisukuma mbele yake mawe, udongo na mchanga, na kila iliposimama kwa muda iliacha kingo za vilima ambazo wanajiografia huziita moreni. Ukanda wa maziwa umelala kati ya kingo hizo na kandokando yake. Mahali ambapo ulimi mpana wa barafu ulichimba ardhi lilibaki bonde pana lenye kina kidogo, na Müritz ni mojawapo: kina chake kikubwa ni mita 31 hivi, lakini sehemu kubwa ya ziwa haifikii hata mita 10. Mahali ambapo maji ya kuyeyuka yalipita kwa nguvu chini ya barafu yalichonga mfereji mwembamba wenye kuta za mwinuko, na leo mfereji huo ni ziwa refu, jembamba, lenye kina cha kushangaza. Na mahali ambapo bonge la barafu lilifukiwa na mchanga, likakaa humo kwa karne nyingi kabla ya kuyeyuka, ardhi ilididimia na kuacha shimo la duara ambalo sasa ni ziwa dogo au kinamasi. Mashimo hayo utayaona hata katikati ya mashamba ya ngano, yamezungukwa na miti michache, na mkulima anayazunguka kwa trekta lake.

Haya si maelezo ya pembeni kwa mtu anayekodi boti. Kipima kina kilichofungwa karibu na usukani wetu kilituonyesha jambo hilo kila siku: tukiwa katikati ya ziwa pana namba zilikuwa ndogo kiasi cha kututia wasiwasi, na tukiingia katika ziwa jembamba ambalo kijana angelivuka kwa kuogelea, namba ziliongezeka ghafla. Binti yangu alianza kubashiri kina kwa kutazama umbo la ufuko, na kufikia siku ya nne alikuwa akipatia mara nyingi kuliko mimi.

Siku ya kwanza, kwa hiyo, ilikuwa ya mafunzo. Tangu mwaka 2000 Ujerumani huruhusu, katika njia maalumu za maji, mtu asiye na leseni kuendesha boti ya kukodi ya urefu usiozidi mita 15 baada ya kupewa maelekezo yasiyopungua saa 3 na kupewa hati ya muda. Mwalimu wetu alikuwa mzee mtulivu aliyetufundisha kufunga kamba, kusoma maboya mekundu na ya kijani, kugeuza chombo mahali finyu, na kuingia gatini upepo ukisukuma kwa ubavu. Shemeji, ambaye aliketi akiwa amekunja mikono, aliifungua mikono hiyo ilipofika zamu ya kurudi kinyumenyume, kwa sababu boti-nyumba, tofauti na boti ya uvuvi, ina kuta ndefu na upepo huishika kama tanga. Kwa mafunzo haya naipa kampuni alama zote. Kasoro ni kwamba kitabu cha maelekezo kilichobaki botini kilikuwa kwa Kijerumani peke yake, ilhali tulipojaza fomu tulikuwa tumeandika wazi kwamba mmoja wa waendeshaji hajui lugha hiyo.

Mpango wetu ulikuwa kuvuka Müritz siku ya pili kutoka kusini hadi mji wa Waren, ulio upande wa kaskazini, na ndipo upepo ulipobadilisha kila kitu. Mwenye hati ya muda haruhusiwi kulivuka ziwa hilo upepo unapozidi daraja la 4 katika kipimo cha Beaufort, na asubuhi hiyo ulikuwa wa daraja la 5. Tulisimama gatini tukitazama mawimbi mafupi, yenye kuta wima, yakifuatana kwa haraka bila kuacha nafasi ya chombo kupumua, jambo linalotokea pale upepo unapopata kilomita nyingi za maji yenye kina kidogo. Shemeji aliyatazama kimya kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hata Ukerewe siku kama hiyo mitumbwi haitoki. Kampuni haikutuambia, wakati wa kuweka nafasi, kwamba siku 1 au 2 za wiki zinaweza kupotea kwa sababu hiyo. Ingetosha sentensi moja.

Tukageuza njia kuelekea kusini, na hapo tukagundua kwamba tulikuwa tumepata bahati. Kutoka pembe ya kusini ya Müritz mfereji unakwenda Mirow, ambako kuna lango la kushushia boti kwa takriban mita 3 hadi katika mlolongo wa maziwa madogo yanayoungana na mto Havel. Utaratibu wa malango haya unafaa kuelezwa, kwa kuwa ndio unaotawala siku yako yote. Chombo huingia katika chumba cha zege chenye milango miwili, mlango wa nyuma hufungwa, maji hupunguzwa taratibu hadi yalingane na ya upande wa chini, kisha mlango wa mbele hufunguka. Mahali pengine yupo mhudumu, na mahali pengine wasafiri huliendesha lango wenyewe kwa kuvuta fimbo ya kijani iliyo ukutani. Kazi ya watu wa botini ni kushika kamba bila kuifunga, kwa sababu ukiifunga wakati maji yanashuka, boti itabaki imening'inia. Mwalimu alituambia hili mara tatu, na bado tuliwaona watu wa boti ya mbele yetu wakikata kamba kwa kisu cha jikoni.

Katika lango la Diemitz tulisubiri kwa saa 2 na nusu. Ilikuwa Jumapili ya Julai, foleni ilikuwa ndefu, na jua lilikuwa kali kwa kiwango cha huko, yaani la wastani. Sikuchukia. Watu walikaanga soseji kwenye boti zao, watoto waliruka majini, na mke wangu, aliyeingia safari hii kwa kunifurahisha tu, aliogelea kwa mara ya kwanza katika ziwa bila kuulizia mamba wala kichocho. Nimweleze msomaji ukweli kamili: katika maziwa ya Ujerumani wakati wa joto wapo vijidudu vya bata, ndugu wa mbali wa wale wa kichocho, ambavyo hupenya ngozi ya muogeleaji kimakosa na kufia humo, vikiacha mwasho wa siku chache. Havileti ugonjwa mwingine. Mke wangu nilimweleza baadaye.

Kwa siku 2 tulizunguka kati ya Mirow na Canow, na hii ndiyo sehemu ya wiki ambayo boti-nyumba ilistahili bei yake. Maziwa yamepangwa kama shanga, kila moja likiunganishwa na jingine kwa mkondo mwembamba unaopita katikati ya matete na misonobari inayoota juu ya mchanga. Mchanga huo ni ule ulioenezwa na maji ya barafu upande wa kusini wa moreni. Haufai sana kwa kilimo, na kwa hiyo msitu umeachwa. Jioni tulinunua samaki wadogo wa rangi ya fedha wanaoitwa Maräne, waliokaushwa kwa moshi, wakubwa kuliko dagaa na laini kuliko sato, tukawala kwa ugali uliosongwa kwenye jiko la gesi lenye mafiga mawili. Shemeji aliwapa alama 8 kati ya 10, akisema kwamba 2 zilizobaki ni za pilipili.

Upepo ulipotulia tulirudi kaskazini na kulivuka ziwa kubwa, wote tukiwa tumevaa makoti ya kujiokolea, tukifuata maboya ya upande wa magharibi. Na hapa ndipo ilipodhihirika kwamba ahadi ya pili ya kampuni ni ya uongo. Ng'ambo ya mashariki, kwa umbali, tuliuona ufuko wa kijani usio na nyumba wala gati. Huo ndio ukingo wa Hifadhi ya Taifa ya Müritz. Hifadhi inaingia pia ndani ya ziwa kwa ukanda wa maji uliowekewa maboya, na boti hazina ruhusa ya kuuingia. Kwa maneno mengine, boti-nyumba inakuonyesha hifadhi kama meli ya Bukoba inavyokuonyesha visiwa: ipo, unaiona, na unapita. Usiku tulilala katika bandari ya Waren, katikati ya boti nyingine zaidi ya 100, tukisikiliza muziki wa mkahawa.

Hifadhi yenyewe ina historia isiyo ya kawaida. Wakati wa Ujerumani Mashariki, misitu ya upande huo ilikuwa eneo la kuwindia la wakubwa wa serikali. Waziri Mkuu Willi Stoph alikuwa akiwinda karibu na kijiji cha Speck, na raia wa kawaida walizuiwa kuingia. Sehemu nyingine ilikuwa uwanja wa mazoezi wa jeshi la Kisovieti, na mpaka leo zipo ishara zinazokataza watu kutoka njiani kwa sababu ya risasi na mabomu yaliyobaki ardhini. Mwezi Septemba 1990, wiki chache kabla nchi hiyo haijaacha kuwapo, Baraza lake la Mawaziri lilipitisha kwa mkupuo mmoja hifadhi 5 za taifa pamoja na maeneo mengine ya kulindwa, na ya Müritz ilianza rasmi tarehe 1 Oktoba, siku 2 kabla ya Ujerumani mbili kuungana. Kwa hiyo upweke uliotengenezwa kwa ajili ya bunduki za wachache uligeuka kuwa upweke wa ndege. Eneo lake ni kilomita za mraba 322, dogo kuliko Rubondo kwetu, na zaidi ya asilimia 70 ni msitu, huku maziwa yaliyomo yenye ukubwa wa zaidi ya hekta moja yakizidi 100.

Ili kuiona, tuliiacha boti gatini siku nzima na kukodi baiskeli mjini. Ziko pia basi za hifadhi, na mgeni aliyelipa ada ya kulala katika Waren na miji kadhaa ya jirani hupewa kadi inayomruhusu kuzipanda bila nauli. Kituo cha Federow kina kamera iliyoelekezwa kwenye kiota cha mwewe mla samaki, ndege ambaye huko hupenda kujenga juu ya nguzo za umeme na ambaye wakati wa baridi huhamia Afrika, hasa upande wa magharibi. Tulitazama kinda mmoja akipasuliwa samaki kwa dakika 20 bila mtu yeyote kati yetu kusema neno. Kisha tukaendesha hadi Speck na kupanda mnara wa Käflingsberg, ambao una urefu wa mita 55 na umesimama juu ya kilima cha mita 100, kikiwa sehemu ya ile moreni niliyoitaja. Kutoka juu, nchi nzima inajisoma yenyewe. Kaskazini na magharibi Müritz limelala kama sinia, mbele yake ukanda wa tambarare wa matete na majani uliokuwa chini ya maji hadi karne ya 19, wakati uso wa ziwa uliposhushwa kwa ajili ya mifereji ya meli, na kila upande maziwa madogo yanamulika katikati ya misonobari. Tai mkubwa mwenye mkia mweupe, ndugu wa yule tai mla samaki ambaye mlio wake huwaamsha watu Ukerewe, alipita chini yetu. Sikuwa nimewahi kumtazama tai kutoka juu.

Mgongo wa ardhi unaopita humo hifadhini pia ndio unaogawa maji. Mvua inayoangukia upande mmoja huingia Müritz, ikafuata mto Elde kuelekea magharibi hadi Elbe na Bahari ya Kaskazini, au ikaingia mto Havel, ambao chanzo chake kimo katika eneo hilo la hifadhi karibu na Ankershagen, na kupitia Berlin kabla ya kufika Elbe hiyo hiyo. Ile inayoangukia upande wa pili hupitia Tollense na Peene hadi Baltiki. Nilimwambia binti yangu kwamba maji anayoyaona yakipita nyuma ya shule yake yametoka hapa. Aliuliza yanachukua siku ngapi kufika, na sikuwa na jibu.

Sehemu ya pili ya hifadhi, Serrahn, imejitenga mashariki mwa mji wa Neustrelitz, na hakuna boti ya kukodi inayofika huko. Ni msitu wa miti ambayo Wajerumani huiita Buche, yenye magome laini ya kijivu kama ngozi ya tembo, na hekta 268 zake ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Miti iliyoanguka huachwa pale ilipoangukia, ikaota uyoga, ikawa udongo. Nilikwenda peke yangu mwezi Septemba kwa treni na basi, na siku iliyofuata nilijiunga na matembezi ya jioni ya kuongozwa hadi Rederangsee, ambako maelfu ya korongo wa kijivu hulala wakiwa safarini kuelekea kusini. Wanasikika kabla ya kuonekana. Idadi ya watu wanaoruhusiwa kukaribia wakati huo ina kikomo, tiketi hununuliwa mapema, na mwongozaji wetu alitutaka tusimame kimya kabisa, agizo ambalo hata mtoto mchanga wa familia moja alilitii.

Kwa anayetaka kuwa juu ya maji na ndani ya hifadhi kwa wakati mmoja, njia ipo, nayo si ya boti-nyumba. Ni mtumbwi wa kukodi kutoka Kratzeburg, kufuata Havel ya juu, ambayo huko bado ni kijito kinachotoka ziwa hadi ziwa. Injini haziruhusiwi. Kati ya Granzin na ziwa la Pagelsee maji hayapitiki, na mtumbwi hupakiwa kwenye kigari kinachosukumwa juu ya reli ndogo katikati ya msitu. Kushuka nchi kavu kunaruhusiwa mahali palipowekwa alama tu, kulala porini hakuruhusiwi, na katika baadhi ya maziwa ni lazima kupita katikati ya maboya ili ndege wanaoatamia matetani wasifurushwe. Shemeji alishika kafi kwa mara ya kwanza tangu utoto wake, na siku hiyo hakumlinganisha mtu wala kitu na Mwanza hadi saa 10 jioni.

Yapo pia maeneo ya mandhari yenye ulinzi mwepesi zaidi, ambayo nayapita haraka. Nossentiner/Schwinzer Heide, upande wa magharibi, ni misonobari na mchanga, na yanafikika kwa urahisi ukiwa na boti katika Fleesensee au Plauer See. Feldberg, upande wa mashariki, ni jambo jingine kabisa: Schmaler Luzin ni ziwa la mfereji wa barafu la aina niliyoieleza, limebanwa na kuta za msitu, rangi yake ikielekea feruzi kwa sababu ya chokaa iliyomo majini, na watu huvushwa kwa kivuko kidogo kinachoendeshwa kwa nguvu za mikono. Maziwa ya huko hayajaunganishwa na njia ya boti za kukodi. Ningeambiwa nichague ziwa moja kati ya yote niliyoyaona, ningechagua hilo, na nililifikia kwa gari la rafiki.

Nirudi kwenye boti. Vyumba 2 vya kulala vilikuwa safi, ingawa mtu mrefu atalala amekunja magoti. Maji ya kuoga yalitutosha siku 3 kabla ya kujaza tena. Choo hujaza tangi linalopaswa kunyonywa bandarini, na kazi hiyo hailipiwi ndani ya kodi. Mafuta huhesabiwa kwa saa za injini, si kwa lita, na hapo ndipo foleni za malangoni zinapouma, kwa kuwa kila anayesogea hatua 10 anawasha injini upya; nawashauri wenzangu wajifunze kuivuta boti kwa kamba kando ya gati ya kusubiria, kama wafanyavyo wenyeji. Siku ya kurudisha chombo, mfanyakazi mmoja alituonyesha mkwaruzo kwenye ubavu wa kushoto na kutaka kukata sehemu ya amana. Mke wangu alifungua simu na kumwonyesha picha ya mkwaruzo huo huo, iliyopigwa siku ya makabidhiano kabla hatujaondoka gatini. Amana ilirudi yote, lakini hatukuombwa radhi.

Boti naipa nyota 3 kati ya 5, na sitaikodi tena kwa wiki nzima. Mwakani nitachukua siku 3 kati ya Mirow na Canow, katikati ya wiki, mwezi Juni, kabla shule hazijafungwa na foleni ya Diemitz haijaanza, kisha siku 2 za mtumbwi kutoka Kratzeburg, na zilizobaki nitalala Waren na kupanda basi. Treni kutoka Berlin hadi Waren huchukua chini ya saa 2. Shemeji ameshaniandikia kwamba atakuja tena, na kwamba pilipili atakuja nayo.